Sura ya Tisa: Pipa Lililovishwa Utepe

Kikaratasi chenyewe kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto, cha zambarau, kimelowa mafuta mpaka kinapitisha mwanga. Inspekta Edelmira Vicencio alikinyanyua kwa kibanio, akakitazama kwenye taa ya karakana, kisha akakilaza kwenye kisahani cha kioo pamoja na wenzake: kimoja cha zambarau na viwili vya njano. Vyote vinne vilikuwa vimekatwa pembe nne kwa mkasi, na vyote vinne vilitoka mahali ambapo karatasi haina kazi yoyote, ndani ya chujio la mafuta ya breki za dampa namba 27.

"Haya, si nilisema?" Sauti ilitoka nyuma yake. "Challa! Kila mwaka nawaambia hawa watu, mambo yenu ya kumlisha Mama Ardhi kafanyieni huko vijijini kwenu, msinimwagie divai na makaratasi kwenye mashine zangu. Nani ananisikiliza?"

Huyo alikuwa Injinia Gastón Urrejola, mkuu wa matengenezo wa mgodi wa Quebrada Parda, mtu wa Santiago aliyepanda huku jangwani na ovaroli nyeupe ambayo hadi leo haijakutana na tone la grisi. Edelmira hakugeuka. Yeye alizaliwa Calama, na tangu utotoni kila Agosti alikuwa akirudi nyumbani na challa kwenye nywele. Huku kwao jina hilo ni la sherehe yenyewe, na pia la karatasi zinazorushwa.

Siku tano nyuma, dampa hilo lilikuwa likishuka na shehena ya mawe kuelekea kwenye kinu kilichoko bondeni. Likakataa kusimama. Likaipanda pikapu ya msimamizi wa zamu, Ovidio Leiva, na msimamizi akafia humo humo. Dereva wa dampa, Nayadet Ayavire, alikuwa mahabusu mjini. Kampuni ilisema alishuka mbio akaziunguza breki. Yeye alisema alikanyaga, akavuta, akaomba Mungu, na dampa likaendelea. Saa kumi alasiri ya leo angesomewa shitaka mbele ya hakimu, na mwendesha mashtaka alikwisha kumwambia Edelmira kwenye simu bila kumung'unya maneno: asipoletewa kitu cha kushika mkononi, ataomba binti huyo afungiwe mpaka siku ya kesi. Sampuli ya mafuta ilikwisha pelekwa maabara, lakini majibu ya maabara ni ya mwezi ujao. Kwa hiyo ilikuwa leo, na ilikuwa Edelmira.

"Injinia," alisema, "mimi ni mtu wa polisi. Breki ninayoijua ni ya pikapu yangu, na hata hiyo naijua inapolia. Nifundishe hii."

Alikwisha kumsoma. Urrejola alikuwa mtu asiyeweza kuona sikio likakaa bure. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeng'olewa kwa winchi, na matumbo yake yamepangwa juu ya turubai: rundo la diski nyeusi zinazong'aa kama sufuria iliyounguziwa uji. Injinia alivaa glavu, akaokota mbili.

"Pikapu yako ina diski moja kila gurudumu, iko wazi, inapozwa na upepo. Sasa wewe shuka mlima na mzigo mzito kuliko kanisa la Calama, uone kama upepo utakutosha. Diski itakuwa nyekundu kabla hujafika kona ya pili. Kwa hiyo hapa hatuutegemei upepo, tunayategemea mafuta. Tazama. Hii ina meno kwa ndani, inazunguka na gurudumu. Hii ina meno kwa nje, imeshikwa na ekseli, haiendi popote. Moja inazunguka, moja imetulia, moja inazunguka, moja imetulia, mpaka rundo linakwisha, kama sahani kabatini. Rundo zima limefungiwa ndani ya chuma, na humo ndani mafuta yanapita muda wote, dereva akanyage asikanyage."

"Na akikanyaga?"

"Pistoni inalibana rundo. Lakini sahani hazisuguani kavu. Kati yao kuna utando wa mafuta, mwembamba sana, na huo ndio unaobeba joto. Mafuta yanaondoka na joto lake mpaka kwenye kipoozeo, yanalikabidhi kwa maji ya injini, maji yanalipeleka kwenye rejeta, feni inalitupa jangwani. Mafuta yanarudi yamepoa, yanaanza upya. Diski zangu hukaa miaka, dada yangu. Wewe pedi zako unabadilisha kila ukitoka sokoni."

"Na presha ya mafuta ikifa?"

Urrejola alitabasamu kama mcheza kamari anayefika kwenye karata yake nzuri. "Hapo ndipo penye utamu. Upande wa pili kuna springi, unaziona? Hizi zinataka kubana saa zote. Kinachozizuia ni presha peke yake. Presha ikifa, springi zinabana zenyewe bila kumuuliza mtu. Dampa langu likifa, linafia limesimama."

"Lakini hili halikusimama."

"Muulize yule msichana."

"Nimemuuliza. Na breki nimeziuliza. Wataalamu wangu walipofungua gurudumu walikuta springi zimebana. Mkono wa breki ya kuegesha ulikuwa umevutwa hadi mwisho, na pedali aliikanyaga mpaka goti likateguka. Kabana kwa pistoni, kabana kwa springi, na dampa likashuka."

"Springi zinabana diski zile zile, Inspekta. Ukishaziunguza, hata ubane kwa meno haisaidii. Alishuka kwa gia kubwa, mafuta yakachemka, diski zikaiva. Ongeza sasa makaratasi yaliyoziba chujio. Hesabu imekamilika."

Edelmira alilitazama chujio. Lilikuwa na upana wa sufuria ya harusi.

"Vikaratasi vinne viliziba hili?"

"Vingine viliyeyuka."

"Na viliingiaje?"

"Kwenye kipumulio cha tangi. Upepo wa huku unaujua."

Alipanda ngazi ya dampa bila kuongeza neno. Kifuniko cha tangi kilikuwa bado kimebandikwa utepe wa polisi, ule aliouweka yeye mwenyewe jioni ya ajali; mafuta yote yalitolewa kwa chini. Alikifungua kipumulio, akatoa mfukoni kikaratasi kikavu alichokiokota nje ya karakana asubuhi hiyo, akajaribu kukisukuma. Wavu wa ndani ulikuwa mwembamba kama wa kuchujia chai. Hata alipokichana vipande vipande, havikupita.

Alishuka akijipangusa mikono. "Tangi lilifunguliwa mara ya mwisho lini, injinia?"

"Jioni ya kuamkia challa. Bomba la kunyanyulia bodi lilikuwa limepasuka, mafuta yakamwagika. Tangi ni moja, bodi na breki zinakunywa humo humo. Tukafunga bomba jipya, tukajaza, tukafunga. Nilisimama hapa hapa mimi mwenyewe. Asubuhi walipokuja na ngoma zao tangi lilikuwa limeshafungwa."

"Mlijaza mafuta gani?"

"Yake. Yanashuka kwa mpira kutoka kwenye tangi la juu, ule pale. Hii si gereji ya kichochoroni, Inspekta. Pipa halikanyagi sakafu yangu."

"Na mtu akitia mengine? Tuseme yale ya kijiko kikubwa cha kuchimbia. Mafuta si mafuta?"

Urrejola alicheka kwa moyo mkunjufu kabisa. "Unataka kuua watu? Ya kijiko yametengenezwa kuteleza. Ya breki yana dawa yake, yanapoza lakini yanaziacha sahani zishikane. Tia ya kijiko humu, ni kama umepaka sabuni. Sahani zitateleza, zitatetemeka, zitapiga kelele, joto litapanda, na..."

Macho yake yaliziangukia diski zilizolala kwenye turubai, yakaondoka haraka.

"Asante," alisema Edelmira. "Umenifundisha vizuri sana."

*

Kwenye bwalo la chakula madereva wa zamu ya asubuhi walikuwa wakimalizia mkate na parachichi. Walipomwona walisogea wote upande mmoja wa benchi.

"Karibu mkate, Mama Inspekta," alisema mmoja, jitu la mtu waliyemwita Chango Araya. "Au ukila na sisi itakuwa rushwa?"

"Parachichi lenyewe limeshakuwa jeusi. Hiyo si rushwa, hiyo ni shambulio." Walicheka, naye akakaa, akajimiminia chai. "Niambieni. Nayadet mlikuwa mnamtania nini kwenye redio?"

Kicheko kilikatika. "Nani kakuambia tulimtania?"

"Mnashinda peke yenu kwenye vibanda vya kioo zamu nzima. Msipotaniana mtaongea na mawe."

Chango alikizungusha kikombe chake. "Tulimwambia akamkamue ng'ombe wake."

"Ng'ombe gani?"

"Dampa, mama. Kila akikanyaga breki, 27 inalia mooo, unaisikia mpaka kinuni. Dampa hizi hazilii, breki zake zimezama kwenye mafuta. Ile ilikuwa inalia kama ng'ombe aliyenyimwa ndama. Mimi nilimwimbia kabisa kwenye redio, 'kamua, Nayita, kamua.'" Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sasa maziwa yenyewe hayanipiti kooni."

"Lilianza kulia lini?"

"Siku ya challa. Lilitoka karakana mchana, na mteremko wa kwanza tu likaanza. Kabla ya hapo, kimya."

"Alitoa taarifa?"

"Zaidi ya mara moja, kwa injinia, redioni, sote tunasikia. Akajibiwa ni baridi, diski zitazoea, afanye kazi aache kudeka."

"Na mbona hamkumwambia mtu?"

Walitazamana. Chango ndiye aliyejibu, na alijibu kwa hasira. "Kampuni ilituita mmoja mmoja. Walituuliza kama binti alikuwa amelewa divai ya challa. Habari za ng'ombe hakuna aliyeziuliza."

Edelmira aliimaliza chai yake wima. Alikuwa na diski zilizoungua, na alikuwa na kilio. Lakini kilio wakili wa kampuni angekiita porojo za madereva wanaomtetea mwenzao. Alihitaji kitu ambacho hakina rafiki.

*

Langoni upepo ulikuwa unavuma na mchanga wake. Doña Celinda, mjane wa Ovidio Leiva, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlinzi, na mapajani ameshika kisanduku cha vitu vya mumewe: kofia ya kazi, miwani, chupa ya chai. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza challa ya mgodi kila mwanzo wa Agosti. Aliponyanyua uso, Edelmira aliona kuwa mama huyo hakuwa amelala tangu msiba.

"Mwanangu, niambie wewe," alisema. "Injinia kanipigia simu asubuhi hii. Kasema ni karatasi zangu. Kasema zimeziba breki."

Mtu huyo hakungoja hata mafuta yakauke kwenye kibanio. Alikuwa amemtwika mjane maiti ya mumewe kwa simu.

"Nilizikata mwenyewe," aliendelea Celinda. "Tulikaa jikoni na Ovidio. Yeye anakata njano, mimi zambarau. Mwaka jana zilikuwa kijani, zilizobaki tulizichoma, maana challa ya mwaka mmoja hairushwi mwaka mwingine. Sasa nijibu. Tulikaa jikoni tukikata kifo chake?"

"Hapana."

"Usiniambie ili kunifariji."

"Sikufariji, mama. Kama ni kweli ningekwambia. Ila nisaidie nijue ni nini. Asubuhi ile ulivitia challa vitu gani?"

"Vyote vilivyokuwa ndani ya duara letu la sherehe. Huwezi kukiruka kitu, kitaona wivu. Dampa, magurudumu yake, jeki, ngazi ya Eleuterio." Huyo alikuwa Eleuterio Ticona, fundi wa zamu. "Maskini alikuwa juu kabisa, mikono imejaa mafuta. Nikamwambia, shuka, moshi umeshawaka. Moshi wa koa, ule wa kumfukizia Mama Ardhi, ukiwaka hakuna kazi, unaacha kitu kama kilivyo. Hata kufunga kifuniko ni kazi. Akaacha, akashuka."

Edelmira alichuchumaa mbele ya kiti. "Aliacha nini, mama?"

"Tangi lake liko wazi, na mrija umeingia ndani. Na chini, pipa."

"Pipa."

"La bluu. Limechomekwa pampu ya mkono. Nikalinyunyizia divai, nikalimwagia karatasi, nikalivisha utepe wa njano shingoni. Nikajisemea, hiki ndicho chakula cha dampa, nacho kipate chake."

"Injinia aliliona?"

"Yule? Moshi unamkera. Alikuwa kajifungia ofisini kwake na simu." Celinda aliishika kofia ya mumewe kwa nguvu. "Na yule binti? Nasikia leo wanamsomea mashtaka. Nitakwenda. Nataka nimtazame usoni."

"Nenda," alisema Edelmira. "Lakini ungoje nifike."

*

Tangu jioni ya ajali lango lilikuwa na askari wake, na hakuna hata skrubu iliyotoka. Pipa lilikuwa ndani ya uzio. Askari wa Edelmira walikwisha kupekua jalala lote la mgodi wakitafuta vyombo vya mafuta, na mapipa waliyoyakuta yalikuwa makavu, ya zamani, hayana challa.

Alisimama katikati ya uwanja akiuma mdomo. Alijiweka mahali pa Ticona. Umeambiwa na bosi wako uliondoe pipa. Pipa lina divai juu yake, lina karatasi, lina utepe. Ni Agosti, mwezi ambao ardhi iko wazi na ina njaa. Mtu wa huku atalitupa jalalani? Hata kwa mtutu wa bunduki hatalitupa. Ataliosha? Ndiyo mbaya zaidi. Kuliacha karakanani haiwezekani, injinia ataliona. Basi atalipeleka mahali ambapo vitu vya challa hukaa, na ambapo injinia hajawahi kukanyaga.

Alimtuma askari mmoja akampeleke Ticona huko, kisha akaenda kugonga mlango wa ofisi ya Urrejola.

"Injinia, twende tunyooshe miguu."

"Nina kikao."

"Kitakungoja."

Nyuma ya chumba cha kompresa kulikuwa na shimo dogo lililofunikwa kwa mawe, kinywa cha ardhi, pale wafanyakazi wanapozika majani ya koka na kumwaga divai yao. Kando ya mawe hayo, limekingwa upepo na ukuta, lilisimama pipa la bluu. Utepe wa njano ulikuwa shingoni umepauka kidogo. Juu ya mfuniko, divai ilikuwa imekauka ikawa gundi, na ndani ya gundi hiyo vilikaa vikaratasi vya pembe nne, zambarau na njano. Ubavuni, kwa herufi kubwa za kiwandani, palikuwa pameandikwa mafuta ya kijiko kikubwa.

Ticona alikuwa amekwisha fika na askari. Alikuwa fundi wa makamo, mpana, kofia yake ameivua ameishika kwa mikono miwili.

Urrejola aliliona pipa. Akamwona Ticona. Ulimi ulimtangulia.

"Si nilikwambia ulitupe!"

Askari aliyekuwa akitafuna koka aliacha kutafuna.

"Ulimwambia lini, injinia?" aliuliza Edelmira kwa upole. "Maana pipa halikanyagi sakafu yako."

"Mimi... hilo ni pipa tu. Yako mapipa mengi."

"Hili ni moja. Nitakusomea, unisahihishe nikikosea. Karatasi hizi zimekatwa mwaka huu na zimerushwa asubuhi moja tu. Zimeingia ndani ya tangi, na kwa kipumulio hazipiti, nimejaribu mbele yako. Kwa hiyo asubuhi ya challa tangi lilikuwa wazi. Wewe umesema lilifungwa jioni iliyotangulia. Karatasi hizo hizo ziko juu ya pipa hili. Kwa hiyo pipa hili na tangi lililo wazi vilikuwa pamoja. Na ndani ya pipa hili kulikuwa na mafuta ambayo ukiyatia kwenye breki ni kama umepaka sabuni. Hayo si maneno yangu, mimi ni mtu wa polisi, breki ninayoijua ni ya pikapu."

"Huwezi kuthibitisha yaliingia tangini."

"Ticona," alisema Edelmira bila kumwondolea macho injinia. "Kwa nini hukulitupa?"

Fundi alimjibu bosi wake, si yeye. "Ni Agosti, bosi. Kitu kilichotiwa challa hakitupwi Agosti. Nilikwambia nitaliondoa, nikaliondoa."

"Nyamaza, Eleuterio. Una watoto."

"Na don Ovidio alikuwa nao." Sauti ya Ticona ilipasuka. "Theluji ilifunga barabara, Inspekta. Lori la mafuta halikufika, tangi la juu lilikuwa tupu. Nikasema tuliegeshe 27. Bosi akasema mwisho wa mwezi haegeshi kitu, nitie ya kijiko, zamu moja tu, lori likifika tutabadilisha. Nikatia, mapipa yote. Hili la mwisho ndilo nililolimalizia baada ya sherehe. Mengine yaliondoka na gari la taka kesho yake. Lori la mafuta likafika kweli. Nikamkumbusha. Akasema mbona dampa linakwenda."

"Na lilipolia?"

"Akasema ni baridi." Ticona alilia waziwazi, mtu mzima na kofia mkononi. "Nilijua. Nilikuwa nalisikia kutoka huku karakana na nilijua."

Urrejola alianza kueleza. Alieleza kuhusu ratiba, kuhusu Santiago, kuhusu namna ambavyo kwa muda mfupi mafuta yale yangeweza kuvumilika kama dereva angekuwa na busara. Edelmira alimwacha mpaka pumzi ikamwisha. Alikuwa amezoea kuwasikiliza watu wakijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Hayo yote mwambie hakimu," alisema. "Askari, mleteni. Wewe Ticona utakwenda nami, utayasema tena kama ulivyoyasema. Na pipa mlibebe wima. Atakayeligusa juu nitamkata posho."

"Tusilifunike na turubai?" aliuliza askari.

"Linakwenda na utepe wake."

*

Karani wa mahakama ya Calama alijaribu kuukataa utepe, akidai kielelezo kiingie kikiwa safi. Edelmira alimtazama mpaka akaandika "na mapambo yake". Mwendesha mashtaka alimsikiliza Ticona, akalizunguka pipa, akachungulia mfuniko, akaingia kwa hakimu. Alipotoka alikuwa na faili jipya mkononi, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Urrejola.

Nayadet Ayavire alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mguu wenye bandeji ameunyoosha mbele, pingu zimeshafunguliwa lakini mikono bado ameikutanisha kama imefungwa. Alikuwa ameambiwa yuko huru. Hakuinuka. Alikuwa akimtazama mama mwenye kisanduku aliyesimama upande wa pili wa ukumbi, karibu na pipa.

Doña Celinda alikuwa akiupapasa utepe kwa ncha ya kidole.

"Hazikuziba kitu, mama," alisema Edelmira akimkaribia. "Karatasi zenu. Mafuta yalipita vizuri kabisa, ila hayakuwa mafuta yake. Bila vile vinne nilivyovikuta kwenye chujio, nisingejua tangi lilikuwa wazi, na nisingelitafuta pipa."

"Vya rangi gani?"

"Viwili vyako. Viwili vya don Ovidio."

Celinda alifumba macho. Kisha akayafumbua, akamtazama yule binti wa kwenye benchi, kwanza uso, kisha mguu wenye bandeji.

"Goti limekuwaje?"

"Breki," alisema Edelmira. "Aliikanyaga mpaka goti likateguka. Hakuacha."

Mjane aliuvuka ukumbi polepole na kisanduku chake. Nayadet alimwona akija, akajaribu kusimama, akashindwa.

"Sogea kidogo, binti," alisema doña Celinda.

Nayadet akasogea. Celinda akaketi, bega kwa bega naye, akakiweka kisanduku juu ya mapaja yao wote wawili, akaanza kufungua chupa ya chai.